Sabuni, mafuta ya mwarobaini, salfa au abamektini: ipi ya kupulizia utitiri kitaluni

Mteja akija kuchukua miche hutazama urefu na unene wa shina. Mimi nageuza jani. Chini ya jani la nyanya, pembeni mwa mshipa mkubwa, ndipo utakapojua kama miche ile itamfaa mkulima au itampelekea balaa shambani kwake. Ukiweka lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 unaona vitone vya mviringo, vyeupe vya kung'aa kama shanga ndogo mno, vimetapakaa kwenye vinyweleo vya jani. Hayo ni mayai ya utitiri. Kando yake kuna vijitu vinatembea taratibu, na nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho mpaka vumbi lishike.

Nina kitalu Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha. Dada yangu anacho chake Moshi, upande wa tambarare kuelekea Kahe. Tunaotesha karibu vitu vilevile: nyanya, pilipili hoho, mnavu, mapapai, na yeye ana waridi za vyungu. Kwa muda mrefu tulikuwa tunabishana kwa simu: yeye anasifia salfa, mimi nasifia sabuni. "Mdogo wangu, sabuni ni ya kufulia," ndivyo alivyokuwa akinijibu. Mwishowe tukaamua kuzijaribu zote, kwake na kwangu, kwa utaratibu mmoja. Jibu lilitushangaza sote wawili, kwa sababu dawa ileile haikufanya kazi sawa Tengeru na Moshi.

Kabla ya dawa, tumjue mwenyewe. Utitiri si mdudu. Mkubwa wake ana miguu minane, ni jamaa ya kupe na buibui, na ndiyo sababu dawa nyingi zinazouzwa kama "dawa ya wadudu" hazimfanyi kitu. Urefu wake ni kama nusu milimita. Kitaluni kwetu wanaosumbua ni wa aina tatu. Kuna mwenye madoa mawili meusi mgongoni, wa rangi ya kijani-njano, anayekula karibu kila mmea. Kuna mwekundu wa kuelekea rangi ya chungwa, asili yake Amerika ya Kusini, ambaye sasa amesambaa Afrika Mashariki na anapenda jamii ya nyanya. Huyu ukiotesha mnavu karibu na nyanya umemwandalia karamu. Wa tatu ni utitiri mpana, mdogo kiasi kwamba hata kwa lenzi unamtafuta. Humwoni yeye, unaona kazi yake: majani machanga ya hoho yanajikunja kingo kuelekea chini, ncha inadumaa, na watu wengi wanadhani ni ugonjwa wa virusi.

Joto linamharakisha. Kwenye nyuzi 30 yai linaweza kuwa utitiri kamili kwa muda wa wiki moja. Katika baridi na manyunyu ya Julai pale Tengeru, safari hiyohiyo inachukua wiki mbili na zaidi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai kama 100. Na jike asiyepata dume hutaga tu, isipokuwa mayai yake yote yanatoa madume. Dume huyo ana urithi wa upande wa mama peke yake, kwa hiyo usugu wowote wa dawa haufichiki ndani yake: aliye nao anapona, asiye nao anakufa, na baada ya vizazi vichache kitalu kizima kimebaki na ukoo wa waliopona. Vizazi vichache kwa Moshi mwezi wa Februari ni mwezi mmoja na kitu tu.

Kosa langu la kwanza nilifanya hapo. Niliona majani yamepauka vidoa vidoa, nikaenda duka moja la pembejeo, nikapewa dawa kali ya jamii ya pareto za viwandani, ile inayoangusha nzi na vidukari papo hapo. Vidukari viliisha kweli. Wiki mbili baadaye utitiri ulikuwa umefunga utando mpaka juu ya miche. Dawa za jamii hiyo huua wale wanaomla utitiri, wakiwemo wadudu wadogo weusi waitwao vibibi na utitiri wawindaji, na yeye mwenyewe hubaki salama. Imeonekana pia kuwa baadhi ya dawa hizo humfanya asambae na kutaga zaidi. Kwa hiyo hiyo haimo kabisa kwenye ulinganisho huu. Usiiguse kwa ajili ya utitiri.

Maji matupu

Naanza na maji kwa sababu lazima yawemo kwenye jaribio, na kwa sababu yana faida yake. Maji yenye msukumo yakipigwa chini ya jani yanaangusha utitiri, yanaosha vumbi na kukata utando. Utitiri unapenda vumbi na ukavu. Trei zangu zinazopakana na barabara ya vumbi ndizo huanza kushambuliwa kila mwaka. Lakini mche wa wiki tatu hauvumilii msukumo mkubwa. Kwenye waridi za dada yangu maji yalisaidia kuliko tulivyotegemea. Kwenye miche ya nyanya yalisaidia kidogo tu.

Sabuni

Sabuni inaua kwa kugusa. Inavunja ngozi ya nje ya utitiri, maji ya mwilini yanatoka, anakauka. Ikishakauka juu ya jani, kazi imekwisha. Utitiri atakayetembea hapo saa mbili baadaye hana habari. Mayai hayaathiriki sana. Faida yake ni kwamba sijawahi kusikia utitiri uliozoea sabuni, bei yake ni ya kila mtu, na miche inaweza kuuzwa kesho yake bila wasiwasi.

Hapa pana mambo mawili yanayofanya watu waseme sabuni haifai. La kwanza ni aina. Sabuni nzuri kwa mimea ni ile laini ya potasiamu. Sabuni ya mche ya kufulia ni ya sodiamu, inagandaganda na kuziba nozeli, ingawa ukiikwangua na kuiyeyusha kwenye maji ya moto inatumika kwa shida. Sabuni ya unga iache kabisa, inaunguza majani. Hiyo si sabuni, ni mchanganyiko wa kemikali za kung'arisha nguo. La pili ni maji. Maji yenye chokaa nyingi yanakamata sabuni na kuifanya mapovu machafu yanayoelea, na kinachobaki hakiui kitu. Ukiona utando mweupe unaelea kwenye ndoo, sabuni yako imeshatumika kabla ya kufika kwenye jani. Mimi nakinga maji ya mvua kutoka bati la banda na kuyatunza kwenye pipa kwa kazi hii tu.

Kipimo ni mililita 10 hadi 20 za sabuni ya maji kwa lita moja. Anza na 10. Miche ya papai ilikuwa ya kwanza kuonyesha madoa ya kuungua kwangu, hoho ilivumilia vizuri.

Mwarobaini

Maji ya mwarobaini na mafuta ya mwarobaini si kitu kimoja, na ulinganisho mwingi unaharibika kwa kuyachanganya. Majani au mbegu zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha hutoa zaidi azadiraktini, kiini kinachokatisha hamu ya kula na kuvuruga ukuaji. Hicho hufanya kazi vizuri kwa viwavi na vidukari. Kwa utitiri nguvu yake ni ndogo, na jua linakiharibu haraka. Mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mbegu yana kazi ya ziada: yanafunika. Yanaziba matundu ya kupumulia na kufunika yai lisipate hewa. Kwa hiyo mafuta ya mwarobaini yana kitu ambacho sabuni haina, yaani kugusa mayai.

Mililita 5 za mafuta kwa lita, pamoja na kijiko kidogo cha sabuni ya maji ili yachanganyike. Changanya sabuni na mafuta kwanza mpaka viwe kama maziwa, ndipo uongeze maji huku ukikoroga. Ukimimina mafuta kwenye maji moja kwa moja yataelea, miche ya kwanza itapata maji matupu na ya mwisho itapata mafuta matupu. Pulizia jioni. Mafuta na jua la saa sita havipatani hata kidogo, na Moshi ni lazima iwe jioni kweli, si saa tisa alasiri.

Salfa

Hii ndiyo iliyotugawa. Salfa ya unga wa kuchanganya na maji, ile ya asilimia 80, ni ya zamani, ni rahisi, na inatibu pia ubwiri unga. Kwa utitiri mpana wa hoho ni kiboko. Kwa utitiri mwenye madoa mawili si mkali hivyo, na mtu akisema "salfa haifai" au "salfa ni kiboko" kwanza muulize utitiri gani.

Jambo la pili ni joto. Salfa hufanya kazi kwa sehemu kwa mvuke wake, na mvuke unahitaji joto. Pale Tengeru, mita kama 1,200 na zaidi juu ya bahari, mwezi wa Juni na Julai wakati wingu la Meru halitoki mpaka saa saba, salfa imelala tu juu ya jani kama vumbi la chaki. Nilipulizia, nikahesabu siku ya saba, sikuona tofauti ya maana na maji matupu. Dada yangu kwa upande wake alipulizia Moshi asubuhi moja ya Februari. Ilipofika saa nane joto likapita nyuzi 32, na jioni akanipigia: kingo za majani ya matango zimekuwa kahawia kama zimepitishwa motoni. Salfa huunguza joto likizidi nyuzi 30 hivi, na jamii ya matango na matikiti ndiyo dhaifu zaidi kwake. Kwa hiyo salfa ina mlango wake mwembamba: joto la wastani, si baridi ya Julai wala moto wa Februari. Kwa Moshi ni miezi ya Juni hadi Agosti. Kwa Arusha ni Septemba na Oktoba, au Desemba mvua za vuli zikipungua.

Na usiiweke salfa kwenye mche uliopuliziwa mafuta ndani ya wiki mbili zilizopita, wala mafuta juu ya salfa. Vikikutana vinaunguza. Ndiyo maana mtu anayetaka kuzungusha mafuta na salfa lazima aandike tarehe ukutani, akili haitoshi.

Abamektini

Kwenye lebo utaikuta imeandikwa abamectin, mara nyingi gramu 18 kwa lita. Inatokana na bakteria wa udongoni, na kati ya dawa zote nne ndiyo inayoweza kuingia ndani ya jani. Ukipulizia juu, sehemu yake inapenya na kufika upande wa pili ndani ya siku moja. Ile inayobaki nje huharibiwa na jua upesi, lakini ile iliyoingia ndani hubaki siku kadhaa na kumngoja utitiri anayefyonza. Jani changa linapokea vizuri. Jani lililokomaa na kukakamaa linapokea kidogo.

Mambo matatu yanafanya watu waitumie vibaya. Kwanza, haiui papo hapo. Utitiri hupooza, huacha kula, na hufa baada ya siku tatu au nne. Mkulima anaangalia kesho yake, anawaona bado wapo, anaongeza kipimo na kurudia. Pili, mayai hayaguswi. Wiki moja baadaye kizazi kipya kinaanguliwa na mtu anasema dawa ilikuwa feki. Huenda ni feki, lakini mara nyingi ni mayai tu, na inahitaji kurudiwa mara moja kwa muda uliowekwa kwenye lebo.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linatokea kila siku huku kwetu. Mkulima wa nyanya anapambana na kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, anapulizia dawa ya viwavi iitwayo emamektini mara kwa mara. Utitiri ukitokea anageukia abamektini akidhani amebadilisha dawa. Hajabadilisha. Dawa hupangwa kwa makundi yenye namba kufuatana na jinsi zinavyoua, na emamektini na abamektini zote ni za kundi namba 6, zinapiga mahali pamoja mwilini. Utitiri uliopona emamektini umeshapata mafunzo ya abamektini. Majina ya chupa ni mengi na rangi zake ni nyingi. Wewe tafuta namba ya kundi na jina la kiambato, ndivyo utakavyojua kama unazungusha kweli.

Ni sumu kali ikimezwa, inaua nyuki na samaki. Tengeru mifereji inapita katikati ya mashamba, watu wanachota maji humo. Usioshe bomba mferejini.

Kuna moja ya kuongeza kwa haraka: spiromesifeni, ya kundi namba 23. Hiyo inapiga mayai na watoto, na jike aliyeguswa hupunguza kutaga. Ni ya polepole na bei yake iko juu. Kwa kitalu kidogo si ya kuanzia, lakini kama abamektini imeshindwa kwako, hiyo ndiyo mwenzake halisi wa kuzungusha naye. Ukikutana na mtu anakuuzia dikofoli, dawa ya utitiri ya zamani, achana nayo: mwaka 2019 iliwekwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm.

Jinsi tulivyojaribu

Sikupi namba za kitaluni kwangu. Utitiri wangu umekula dawa ambazo wako haujala, na hali ya hewa yako si yangu. Nakupa njia, namba utazipata mwenyewe ndani ya siku 14.

Unahitaji miche 100 ya aina moja, umri mmoja, iliyoshambuliwa kwa kiasi kinacholingana. Igawe mafungu 20 ya miche mitano. Matibabu ni matano: maji matupu, sabuni, mafuta ya mwarobaini, salfa, abamektini. Kila tiba inapata mafungu manne. Lipi lipate nini lisiamuliwe na wewe, maana mkono wako bila kujua utaipa dawa unayoipenda ile miche iliyo mizuri. Andika kwenye vikaratasi, tia kwenye kopo, mtoto achomoe. Weka nafasi ya hatua moja kati ya mafungu, na siku ya kupulizia simamisha boksi la katoni katikati ili ukungu wa dawa usivuke.

Kwa nini maji na si miche iliyoachwa tu? Kwa sababu maji yenyewe yanaangusha utitiri, na unataka kujua dawa imefanya nini zaidi ya maji iliyokuja nayo. Kama una miche ya ziada, acha na fungu lisiloguswa kabisa.

Tumia chupa ya kupulizia ya lita moja. Bomba la mgongoni ni kubwa mno kwa jaribio na vipimo vinapotea. Lebo ikisema mililita 10 kwa lita 20, lita moja inahitaji nusu mililita. Nunua bomba la sindano duka la dawa, liandike SUMU kwa wino usiofutika, lisiingie nyumbani tena. Vaa glovu, barakoa na mikono mirefu hata kama ni lita moja. Anza na maji, kisha sabuni, mwarobaini, salfa, na abamektini iwe ya mwisho, ukiosha chupa kila mara.

Halafu lipo jambo ambalo kwa maoni yangu linazidi uchaguzi wa dawa yenyewe: je, dawa imefika chini ya jani? Kata vipande vidogo vya karatasi ya kaki, vibane chini ya majani kadhaa kwa pini ya stepla, pulizia kama unavyopulizia kila siku, kisha vitazame kabla havijakauka. Mimi nilikuwa napulizia kutoka juu, nikitembea. Vipande vyangu vya kwanza vilikuwa vikavu kabisa. Miaka yote ile nilikuwa naosha upande wa jani ambao utitiri haukai. Geuza nozeli itazame juu, ipitishe chini ya majani, nenda taratibu. Kwa sabuni na mafuta, tone lisilogusa ni tone lililopotea.

Hesabu mara nne: kabla ya kupulizia, siku ya 3, siku ya 7 na siku ya 14. Chukua jani moja la katikati kwenye kila mche, hesabu wanaotembea, na mayai yahesabu peke yake. Ukihesabu wote pamoja hutajua kwa nini dawa iliyoua vizuri siku ya tatu imeshindwa siku ya kumi na nne. Anayehesabu asijue fungu ni la dawa gani. Kwangu alihesabu kijana wa jirani niliyempa namba tu. Kama huna lenzi, gonga ncha ya mche juu ya karatasi nyeupe na uhesabu vinukta vinavyotembea. Haionyeshi mayai, lakini ni bora kuliko kukisia.

Kisha hesabu ya mwisho. Wengi hulinganisha kabla na baada, na hapo ndipo wanapodanganyika. Tuseme fungu la sabuni lilikuwa na utitiri 40 kwa jani kabla, na siku ya 7 wamebaki 12. Ukiangalia hivyo tu utasema sabuni imeua asilimia 70. Sasa tazama fungu la maji. Kama nalo lilianza na 40 na sasa lina 60, maana yake bila sabuni miche yako ingekuwa na 60: gawa 12 kwa 40, zidisha kwa 40, gawa kwa 60, unapata 0.2. Yaani imebaki asilimia 20, sabuni imefanya kazi kwa asilimia 80. Lakini tuseme kwenye wiki hiyo mvua ilinyesha na fungu la maji limeshuka lenyewe kutoka 40 hadi 20. Hesabu ileile inatoa 0.6, na sabuni yako imefanya kazi kwa asilimia 40 tu; iliyobaki ni kazi ya mvua. Dawa ngapi zimepata sifa mwezi wa Aprili kwa kazi iliyofanywa na masika!

Siku ya 3 tazama pia kuungua: kingo kahawia, madoa, majani yaliyojikunja. Dawa iliyoua utitiri wote na kudumaza mche haina faida kitaluni. Mkulima hanunui utitiri uliokufa, ananunua mche.

Basi ipi?

Kwa miche michanga, utitiri ukiwa ndiyo kwanza umeanza, majani machache tu yana vidoa: sabuni, mara tatu, kila baada ya siku tano kwa Moshi, kila baada ya siku saba kwa Arusha, siku zihesabiwe kufuatana na kasi ya mayai kuanguliwa. Sihitaji kitu kingine.

Ukigeuza jani ukakuta mayai ni mengi kuliko wanaotembea, mafuta ya mwarobaini yanaitangulia sabuni. Hapa nilibadili msimamo wangu. Nilikuwa napulizia sabuni mara sita nikifukuzana na mayai ambayo mafuta yangeyamaliza kwa mara mbili.

Hoho iliyodumaa ncha, majani machanga yamejikunja chini: salfa, joto likiwa chini ya nyuzi 30, na kama hujapulizia mafuta karibuni. Dada alikuwa sahihi kwa hoho zake. Kwa nyanya zake hakuwa sahihi, na amekubali.

Abamektini naitunza kwa siku mbaya: utitiri umeenea trei hadi trei, ni Januari au Februari, na miche bado ina wiki mbili kabla ya kwenda shambani. Mara mbili, kwa muda wa lebo, kisha basi. Nisirudi kwayo msimu huo, na mteja namwambia nilichopulizia na lini, ili naye asianze na emamektini wiki ya kwanza. Kabla ya kuinunua natazama kama lebo ina namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao yake hapa Arusha, Ngaramtoni. Chupa isiyo na lebo inayosomeka sijaribu hata kwenye mche mmoja.

Na trei ambayo utando umeshafunika ncha zote, usiijaribie dawa yoyote. Ivike mfuko wa plastiki hapohapo ilipo kabla ya kuisogeza, maana ukiitikisa unawapandisha kwenye trei za jirani, ifunge, iache juani mpaka ikauke, ndipo uifukie. Wiki iliyopita nimefukia trei mbili za mnavu. Zilikuwa na mteja wake tayari, nikampigia kumwambia asije Jumamosi.